Vitufe sita: uchambuzi wa kisa cha mashine ya kuandikia nukta nundu, Jacksonville, 1892

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nakitumia kila ninapokaa na walimu wapya wa elimu maalumu, na zaidi ninapokaa na mafundi wa mashine za nukta nundu (maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole), watu ambao mara nyingi wanaijua kila skrubu ya mashine bila kujua mashine yenyewe imetoka wapi. Wanafunzi, wazazi na mafundi wa mtaani waliomo humu sikuwataja majina. Yale machache yaliyotokea katika shule niliyofundisha mimi nimeyaondolea kila kitu kinachoweza kuitambulisha. Waliobaki na majina ni wale ambao historia iliwataja zamani.

Swali la kisa ni hili. Mashine ilibuniwa kwa ajili ya alfabeti ya nukta ambayo leo hakuna shule inayoifundisha. Alfabeti ikafa, mashine ikabaki. Ilikuwaje?

Usuli

Mwaka 1890 Frank Haven Hall alikabidhiwa shule ya bweni ya wasioona ya jimbo la Illinois, Marekani, iliyopo katika mji wa Jacksonville. Alikuwa na miaka 49, mzaliwa wa Maine, mwalimu na msimamizi wa shule za kawaida kwa miaka mingi. Hakuwa na uzoefu wa kufundisha watoto wasioona. Ukisoma wasifu wake kama mjumbe wa bodi ya ajira, ungeuweka pembeni. Lakini mgeni ana faida moja: huuliza mambo ambayo wenyeji wameshayazoea, na Hall alipoingia madarasani aliona jambo ambalo kila mtu pale alikuwa amelizoea, yaani taabu ya kuandika.

Wakati huo mtoto asiyeona aliandika kwa sleti na stailasi, vifaa ambavyo shule zetu bado zinavyo. Karatasi nzito inabanwa kati ya vibao viwili, cha juu kina madirisha madogo yaliyopangwa kwa mistari, na mtoto anatoboa nukta moja moja kwa msumari wenye kishikio cha mbao. Kwa kuwa nukta inavimba upande wa chini wa karatasi, lazima aandike kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi aigeuze kama inavyoonekana kwenye kioo. Chukua alfabeti ya nukta tunayoitumia leo. Kila herufi ina nafasi sita: 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini upande wa kushoto, 4, 5 na 6 upande wa kulia. Herufi d ni nukta ya 1, 4 na 5. Ukiigeuza kwa ajili ya sleti, kidole kinatoboa umbo la f. Ukitaka e, unatoboa umbo la i. Ukitaka h, unatoboa j. Mtoto wa darasa la kwanza anajifunza alfabeti mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika, na hizo mbili zinapigana kichwani mwake. Akikosea hajui mpaka atoe karatasi, aigeuze, aisome, kisha airudishe mahali pale pale ilipokuwa. Kuirudisha mahali pale pale ni kazi ambayo hata mtu mzima anaisonya.

Juu ya taabu hiyo kulikuwa na ugomvi wa alfabeti zenyewe, ambao Wamarekani waliuita vita vya nukta. Vitabu vya zamani vilikuwa na herufi za Kirumi zilizovimbishwa, ambazo vidole vya wengi havikuzisoma kwa urahisi na ambazo hakuna aliyeweza kuziandika kwa mkono. Halafu kulikuwa na mfumo uliotetewa na William Bell Wait wa New York, wenye nukta mbili kwa kimo na upana unaobadilika: herufi nyingine ina safu moja, nyingine mbili, nyingine hadi nne. Na kulikuwa na breli ya Kimarekani, iliyopangwa upya na Joel W. Smith wa Boston, mwalimu asiyeona, mwaka 1878. Ilitumia chumba (nafasi ya herufi moja) kile kile cha Louis Braille, Mfaransa asiyeona aliyebuni breli, nukta tatu kwa kimo na mbili kwa upana, ila herufi zinazotokea mara nyingi zilipewa nukta chache ili mkono usichoke. Wait alikuwa na hoja nzuri: mfumo wake ulikula karatasi kidogo, na vitabu vya nukta ni vikubwa na ghali. Iweke akilini hoja hiyo ya upana, maana ndiyo itakayoamua kisa.

Mambo yalivyokwenda

Shule ya Jacksonville ilikuwa na taipureta za kawaida, na wanafunzi walizitumia vizuri kuwaandikia watu wanaoona. Hall akajiuliza kwa nini mtoto aweze kupiga herufi za wino, ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisoma, haraka kuliko anavyoandika nukta anazozisoma kila siku. Taipureta inahitaji kitufe kwa kila herufi. Nukta nundu, kwa kila herufi, inahitaji nukta sita tu, zinazochaguliwa kwa namna tofauti. Basi vitufe sita vinatosha.

Wazo likapelekwa kwa fundi wa bunduki wa pale mjini, aliyemtengenezea kielelezo. Chaguo hilo linanifurahisha kila nikilifikiria. Mtu anayerekebisha kifyatulio anajua jinsi springi inavyorudi, jinsi jino dogo la chuma linavyoachia kitu kwa kipimo na kukishika tena, na ndani ya mashine ya kuandikia hakuna siri kubwa kuliko hiyo. Katika majira ya chemchemi ya 1892 mashine ilikuwa tayari. Katikati palikuwa na kitufe cha nafasi, na vitufe vitatu kila upande. Unabonyeza kwa pamoja vile vinavyounda herufi, nukta zote zinatoka kwa mkupuo mmoja, unaachia, na karatasi inasogea hatua moja. Maandishi yanakwenda kushoto kwenda kulia na nukta zimesimama upande wa juu. Mwandishi anapeleka kidole na kusoma alichoandika sekunde iliyopita, bila kutoa karatasi.

Utengenezaji ukachukuliwa na kiwanda cha Chicago kilichokuwa kikitengeneza taipureta za Munson. Majira ya joto mwaka huo Hall aliipeleka kwenye mkutano wa walimu wa wasioona uliofanyika Brantford, Ontario, nchini Kanada. Hakuishia hapo. Kwa kanuni ile ile alitengeneza mashine ya pili, nzito, ambayo badala ya karatasi inavimbisha nukta kwenye bamba la chuma, na kutoka kwenye bamba hilo kurasa nyingi zinachapwa. Kabla yake mabamba ya vitabu yalipigwa nukta moja moja kwa nyundo na patasi ndogo.

Mwaka 1893 mashine zote mbili ziliwekwa kwenye Maonesho ya Dunia ya Chicago. Helen Keller, msichana wa miaka 13 asiyeona wala kusikia, alipita pale na kuonyeshwa mashine ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaizoea. Alipoambiwa kuwa aliyesimama mbele yake ndiye aliyeibuni, akamkumbatia na kumbusu. Hall alikuwa akilisimulia jambo hilo hata miaka mingi baadaye, na machozi yalimlenga.

Mwaka huo huo akafukuzwa kazi. Jimbo lilikuwa limepata gavana mpya, John P. Altgeld, wa chama cha Democratic, na Hall alikuwa wa Republican. Ukuu wa shule za jimbo uligawiwa kama vyeo vya serikali. Akarudishwa mwaka 1897 siasa zilipogeuka, akakaa hadi 1902.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubonyeza kwa pamoja. Mashine za Ulaya za kabla yake zilikuwa zimejaribu njia nyingine. Huko Paris mwaka 1841 Pierre-François-Victor Foucault, mwanamuziki asiyeona, alitengeneza mashine kwa ajili ya mfumo wa Louis Braille wa kuchora herufi za kawaida kwa vinukta. Ilikuwa na vijiti kumi vilivyopangwa kama kipepeo cha mkono, na herufi moja iliundwa kwa safu kadhaa, unabonyeza, unasogeza, unabonyeza tena. Ilikuwa kazi ya akili sana, na ilipata medali. Hall alitaka herufi moja kwa pigo moja, kama mpiga kinanda anavyopiga sauti tatu kwa mara moja. Vidole vya shahada, vya kati na vya pete vya mikono yote miwili vina kazi yake, gumba linashika nafasi. Hakuna kidole kinachohama kwenda kutafuta kitufe, kwa hiyo hakuna haja ya macho.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mfumo. Alikwisha kuona wanafunzi wake wanaipenda breli, na kwa mhandisi breli ina zawadi iliyofichika: kila herufi, iwe na nukta moja au sita, inakaa kwenye chumba cha upana ule ule. Kigari cha karatasi hakihitaji kujua umeandika nini. Kinasogea hatua moja, basi. Jaribu kufanya vivyo hivyo kwa mfumo wa Wait. Herufi ya safu moja inataka hatua fupi, ya safu nne inataka hatua ndefu, kwa hiyo mashine lazima ipime kila pigo kabla ya kusogea. Upana unaobadilika, ule uliookoa karatasi, ukawa mzigo mara kalamu ilipogeuka kuwa mashine.

Uamuzi wa tatu ndio unaozua mabishano kila ninapofundisha kisa hiki. Hall hakuomba hataza, yaani hati inayomlinda mbuni asiigwe. Alikataa kujipatia faida kwenye chombo cha watu wasioona, na mashine iliuzwa kwa bei ya karibu na gharama yake. Vijana wa biashara darasani huniambia alikosea: bila hataza huwezi kulinda ubora, na mwekezaji anakukimbia. Wana hoja. Nitaurudia.

Matokeo

Shule zilizotumia breli zilipata mashine, na mabamba yakaanza kuzaa vitabu. Ila vita havikuisha. Kilichotokea ni kwamba Wait naye akatengeneza mashine yake mwaka 1894 kwa ajili ya mfumo wake, yenye ufundi wa kusogea hatua tofauti kwa herufi tofauti. Alifanikiwa kuitengeneza, na kwa ufundi mtupu pengine alifanya kazi ngumu kuliko Hall. Kila kambi sasa ilikuwa na silaha. Msomaji mwenye bidii alilazimika kujua mifumo kadhaa ili asome vitabu vyote vilivyokuwepo. Helen Keller alikuwa mmoja wa hao, na alilalamika wazi.

Mwaka 1909 bodi ya elimu ya Jiji la New York ilisikiliza pande zote ili ichague mfumo wa madarasa yake ya wasioona. Ikachagua breli ya Kimarekani, katika mji wa Wait mwenyewe. Ungedhani Hall ameshinda. Haikuwa hivyo: ilipofika 1918 Wamarekani walikubali breli iliyokaribiana na ya Waingereza, na mwaka 1932 pande mbili za bahari zikafunga makubaliano ya breli moja ya Kiingereza. Breli ya Kimarekani, ile ambayo mashine ilitengenezewa, ikaachwa. Mfumo wa Wait nao ukaachwa, na mashine yake pamoja nao.

Hall alifariki mwaka 1911, kabla ya yote hayo. Vitufe vyake havikuguswa. Oskar Picht, mwalimu wa wasioona Ujerumani, alikuwa ametoa mashine yake ya vitufe sita kwenye mkesha wa karne mpya. David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya Perkins huko Massachusetts, akatengeneza nyingine iliyo imara zaidi, ambayo vita vya dunia viliichelewesha hadi ilipoanza kutoka kiwandani mwaka 1951. Hiyo ndiyo Perkins tunayoijua, ya karibu kilo 5, ambayo mwanafunzi anaikumbatia kifuani toka bwenini hadi darasani. Kitufe cha nafasi katikati, vitatu huku, vitatu huku.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mashine haikujua alfabeti. Kwangu hili linatangulia mengine yote. Ilijua nukta sita na hatua moja. Ulipobadilisha maana ya nukta 1 na 4, mashine haikuhitaji kufunguliwa, aliyehitaji kujifunza upya ni mtu. Ndiyo maana vitufe vile vile vinaandika Kiswahili, hesabu na noti za muziki. Vinaandika hata Kiarabu, ambacho kwa nukta nundu kinakwenda kushoto kwenda kulia. Mashine ya Wait ilikuwa imejua mengi mno kuhusu mfumo mmoja, na mfumo ulipokufa elimu hiyo ikawa haina kazi.

Je, Hall alilipangia hili? Sidhani. Alikuwa anatafuta njia rahisi ya kutengeneza mashine, na urahisi huo ukamlipa kwa namna ambayo hakuiwaza. Walimu wengine hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mwenye maono. Mimi naona mtu aliyejali mkono wa mtoto na mfuko wa shule, mengine yakafuata.

Kuhusu hataza, tazama tarehe. Mashine ilitoka 1892, mbuni akafukuzwa 1893. Kama kila nakala ingehitaji saini yake, au kama shule ingekuwa ndiyo mmiliki na mkuu mpya hana habari nayo, mradi ungelala miaka minne. Kwa kuwa haukuwa mali ya mtu, kiwanda kiliendelea. Hayo ni makisio yangu, lakini nimeona miradi ya vifaa vya wasioona ikizikwa siku meneja alipohamishwa, na ufunguo wa stoo ukahama naye.

Na bamba la chuma. Watu huikumbuka mashine ya karatasi kwa sababu ya Helen Keller, wakaisahau ile nzito. Mtoto anayeandika haraka lakini hana kitu cha kusoma ana chombo nusu. Hall aliziweka mbili pamoja ndani ya mwaka mmoja, na sijui mradi mwingine wa zama hizo uliofikiri kwa upana huo.

Kilichoshindikana

Aliyetegemea kwamba mashine bora itamaliza ugomvi wa mifumo alikosea. Kila upande ulichukua ubora wa mashine kama hoja ya kuendelea kugombana. Makubaliano ya 1932 yaliletwa na watu waliokaa mezani, wakati mashine zilikuwa zimekuwepo miaka 40.

Vidole vya watoto wadogo ni kasoro ambayo vitufe sita havijawahi kuiponya. Nukta ya 3 na ya 6 zinaangukia kidole cha pete, ambacho ndicho dhaifu. Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka saba ambaye kila herufi yake yenye nukta ya 3 ilisomeka kama haina: k ikawa a, l ikawa b. Tulidhani hajui kuandika. Fundi aliyekuja kusafisha mashine ndiye aliyemshika mkono akasema mtoto anajua, kidole ndicho hakina nguvu. Wiki tatu za kukamua sponji, nukta zikasimama.

Halafu kuna jambo ambalo Foucault na Louis Braille walilishughulikia mwaka 1841 na Hall akaliacha kwa taipureta: msomaji anayeona. Mashine ya vitufe sita inamwandikia mtu anayejua nukta. Mama aliyeko kijijini hajui. Katika shule yetu taipureta ilikuwa imeharibika siku nyingi, kwa hiyo watoto walipiga barua za likizo kwa nukta, na sisi walimu tukakaa jioni na penseli tukiandika herufi za kawaida juu ya kila mstari. Mama alisoma penseli, na mtoto akirudi nyumbani aliweza kuipitia barua yake mwenyewe kwa kidole.

Msichana mmoja wa darasa la sita aliniletea barua ya kurasa mbili, akanionyesha kwa kidole mahali penyewe, akaniambia mstari wa mwisho nisiuandike. Nikamuuliza mama yake ataujuaje. Akasema dada yake anasoma nukta.

Nikauacha bila penseli.